Macho ya Cecilia kwenye Uso wa Shani

Siku Filipo Alute alipopata habari kwamba picha ile bado ipo duniani, alikuwa kibarazani kwa binti yake pale Ikungi, ungo mapajani, akichambua choroko. Kazi hiyo aliimudu kuliko wenye macho. Kijiwe kikipita chini ya kidole chake kilikuwa kimekwisha, na majirani walimletea choroko zao kwa utani wakisema kwa mzee Filipo hakuna mtu aliyewahi kuvunjika jino. Macho yake yalikuwa yamefunga kabisa miaka sita nyuma. Presha ya macho ilianza kumla pembeni, ikasogea katikati, na alipokwenda hospitali wakamwambia amechelewa. Alisema asante, akainuka, akajigonga mlangoni.

Binti yake, Witness, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila jioni akitoka kazini aliketi karibu na baba yake akamsomea habari za kwenye simu: nani amefariki, nani ameteuliwa, alizeti imefika bei gani. Jioni hiyo akamsomea tangazo. Duka la Kurji la Singida mjini linafungwa. Jumamosi saa nne asubuhi utafanyika mnada wa vitu vyote: makabati, mizani, majora ya vitambaa, vyerehani viwili, na picha pekee ya hayati Shani Mabruki akiwa hajavaa miwani.

Vidole vya Filipo vikasimama.

"Rudia hapo mwisho."

Witness akarudia.

"Wameiweka hapo, hiyo picha?"

"Hapana, baba. Maneno tu. Kumbe na wewe ulikuwa mpenzi wa Shani?"

Filipo alichukua choroko alizokwisha kuzichambua akazimwaga juu ya zile ambazo bado, na hapo Witness akajua kuna jambo.

Kwa wale waliozaliwa juzi, Shani Mabruki alikuwa mwimbaji wa dansi ambaye sauti yake ilijaa kila baa na kila harusi kabla kanda hazijapotea. Alama yake ilikuwa miwani myeusi. Jukwaani miwani, magazetini miwani, hata alipomzika mama yake mzazi alivaa miwani. Wapo waliosema ana kengeza, wapo waliosema ana majini. Mwaka huu mwezi wa tatu akafariki, nchi nzima ikamlilia. Hata wasioweza kumalizia ubeti mmoja wa nyimbo zake waliweka picha yake kwenye simu zao. Ndivyo tulivyo, mtu tunampenda akishafunikwa udongo.

Filipo yeye alitoka Kinyangiri akiwa na miaka ishirini na mbili, begi moja, na mkono mzuri wa kuandika. Alianza na vibao vya maduka. Aliandika "Leo pesa, kesho mkopo" mpaka akawa anaiota. Mzee Kurji, muuza vitambaa na kanda za muziki, alimwona juu ya ngazi akiandika herufi bila kupiga mstari, akamwambia ashuke, aje amchapie fulana.

Chumba cha nyuma ya duka kilikuwa na fremu za mbao zilizovutwa kitambaa chembamba. Kitambaa hicho unakiziba kwa gundi, unaacha wazi lile umbo unalolitaka. Unailaza fremu juu ya fulana, unaukokota wino juu yake kwa ubao wenye ukingo wa mpira, na wino unapenya palipo wazi tu. Fremu moja, rangi moja. Rangi nne, fremu nne, na zote zikae mahali pamoja bila kupishana hata unene wa unywele. Filipo aliweza. Fulana zake zilipita barabarani, za kampeni, za mwenge, za misiba, na waliozivaa walidhani zimetoka kiwandani Dar es Salaam. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, lakini nani anajisumbua kuuliza aliyeunda?

Aliyejisumbua alikuwa mmoja tu, Cecilia, mke wake, binti wa Kinyangiri vilevile. Alikuwa na macho ambayo ukizungumza naye hayahami. Kila asubuhi alimkagua mumewe mlangoni, maana Filipo alikuwa mtu wa kutoka kifua wazi, shati lina madoa ya wino.

"Funga kifungo cha juu, Filipo. Watu wanakutazama."

"Mchapa fulana anatazamwa na nani?"

"Mimi siyo mtu?"

Basi alikuwa akifunga. Akifika kwenye kona anafungua.

Mwaka 1994 ikatangazwa kwamba Shani Mabruki anakuja kupiga muziki Singida. Mzee Kurji nusura awehuke. Nduguye wa Uingereza alikuwa amemletea gazeti lenye picha za wasanii waliochapwa kwa mtindo wa huko: uso mmoja mkubwa, rangi zinazopiga kelele, ngozi ya manjano, midomo ya waridi, nywele za buluu. Akalitandaza mezani mbele ya Filipo.

"Fundi, nifanyie Shani hivi. Kitambaa kikubwa, nikitundike dukani. Lakini mvue miwani. Ya miwani kila mtu anayo. Mimi nataka mteja akiingia, atazamwe."

"Mzee, mimi macho yake sijawahi kuyaona."

"Nani aliyeyaona? Nani atakubishia?"

Filipo akaenda nyumbani kumchukua Cecilia. Akamkalisha kwenye kigoda karibu na dirisha la chumba cha nyuma, akamwambia, "Nitazame mimi, usitazame nje," akayachora macho yake, nyusi mpaka kope. Uso ulikuwa wa Shani, pua ya Shani, midomo ya Shani kutoka gazetini. Macho yalikuwa ya Cecilia, na yalikuwa yakimtazama Filipo.

Akayatengenezea fremu yake peke yake, ya wino mweusi. Akachapa mara moja, akaona hafifu. Akarudia. Akarudia tena. Alirudia mara saba, mpaka kope zikasimama juu ya kitambaa, ukipitisha kidole unazihesabu. Mzee Kurji alimkemea kwamba wino mwingi ni ugonjwa, hautakauka. Filipo alilijua hilo kuliko Kurji. Yeye mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake kwamba wino mwembamba hukaa na wino mnene huhama. Lakini siku ile hakutaka kusikia la mtu. Alitaka macho ya mke wake yasifutike. Jumamosi Shani alikuwa anafika, hakukuwa na muda wa kungoja, basi Mzee Kurji akachomoa kioo cha kabati la duka, akakikata, akakibandika moja kwa moja juu ya kitambaa ambacho wino wake ulikuwa bado unanata.

Shani akaja kweli. Aliingia dukani na kundi la watu nyuma yake, akasimama mbele ya picha muda mrefu. Kisha akamuuliza Filipo, kwa sauti ya chini, "Haya macho ni ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Basi mwambie nimeazima." Akawageukia watu, akawaambia kwa sauti, "Ndiyo mimi huyu."

Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena. Wanaume walikuja kununua kanda wakasimama pale wakisifu macho ya Shani, na Cecilia akipita njia alijifunika mdomo kwa kanga, anacheka peke yake mpaka kwenye kona. Ile ilikuwa siri yao na furaha yao, na haikudumu. Witness alikuwa na miezi minane, mwaka wa mvua nyingi, malaria ikamchukua Cecilia kwa siku tatu.

Alikuwa na picha moja tu maishani mwake, ya paspoti. Ilitangulia mbele ya jeneza kama ilivyo desturi, kisha ikapigiliwa msalabani pale Kinyangiri ndani ya karatasi ya nailoni. Hakuna aliyemwambia Filipo atoe nakala kwanza. Na yeye, mtu aliyekula na kuvaa kwa kutoa nakala, hakuwaza. Alipokwenda kaburini baada ya masika, ndani ya nailoni ile palikuwa na karatasi nyeupe yenye maji. Alilia siku hiyo kuliko siku ya mazishi. Lile lilikuwa kosa lake, na hakuwa na wa kumsukumia.

Aliporudi kazini akashindwa kuchapa chini ya macho yale, akamwomba Mzee Kurji aishushe picha. Ikapelekwa stoo. Miaka ikapita, kanda zikafa, Mzee Kurji naye akafa, na Filipo alipokwenda kuiulizia, vijana wa dukani wakasema hawaijui. Akaacha kuuliza. Witness alilelewa kwa bibi yake, akasoma, akawa mwalimu, na baba yake hakumwambia neno. Amwambie nini? Kwamba mama yako ana sura, ila mimi nimeipoteza mara mbili?

Jioni ile ya choroko ndipo akamwambia yote. Witness alisikiliza ameshika simu iliyokwisha kuzimika. Maisha yake yote alikuwa akiwauliza shangazi zake kama anafanana na mama yake, nao humjibu ndiyo, ndiyo, kama mtu anayemjibu mtoto ili akalale.

"Nataka kuyaona, baba," alisema.

"Na mimi nataka kuyashika," alisema Filipo. "Mara saba nilichapa. Yatakuwa bado yamesimama."

Waliuza mbuzi wawili, Witness akaongeza akiba yake, na Jumamosi wakapanda basi la asubuhi kwenda Singida. Filipo alipiga hesabu zake njiani, na hesabu zenyewe zilikuwa za kanisani. Tangu utoto wake mnada aliokuwa akiujua ni ule wa Kinyangiri baada ya ibada, pale sadaka za watu zinapotolewa nje na kunadiwa: kuku, mayai, boga, debe la mtama. Kule mtu akisimama akasema anakitaka kitu na akaeleza kwa nini, hapandiwi bei. Wakati mwingine hununuliwa na wengine akapewa. Mama mmoja mjane, Maria, alitoa kuku wake wa pekee, watu wakaona jinsi anavyomtazama, wakamnunua wakamrudishia. Jumapili iliyofuata akamleta tena, wakamrudishia tena. Kuku yule alitolewa sadaka mara nne kabla ya kufa kwa uzee. Mtu aliyeona hayo akienda mnadani anajua la kufanya. Unasimama, unasema ukweli wako.

Isitoshe, Filipo aliona ukweli wake una faida ya pili. Picha inanadiwa kwa sababu ya macho ya Shani. Akisema macho siyo ya Shani, nani atashindana naye?

Uani kwa Kurji palikuwa pamejaa. Mwenye mali alikuwa Urmila, mjane wa Mzee Kurji, mama wa umri wa kuchoka, anayehamia Dodoma kwa binti yake Bhumi. Aliposikia sauti ya Filipo alimjua mara moja.

"Fundi. Mpaka leo upo?"

"Nipo, mama Bhumi. Nusu."

Witness akamwamkia shikamoo, Urmila akaitikia marahaba, akamshika mkono akampeleka kwenye picha iliyoegemezwa ukutani. Filipo aliachwa amesimama, anasikiliza. Witness alikuwa amechuchumaa mbele ya kioo chenye vumbi. Akakifuta kwa ncha ya mtandio wake. Kwenye uso ule wa manjano, katikati ya kelele zote za waridi na buluu, kulikuwa na mtu aliyetulia anamtazama. Alitamani kumwita, hakujua amwiteje, maana neno mama hakuwahi kumwambia mtu.

"Umeyaona?" Filipo aliuliza alipomsikia amerudi.

"Nimeyaona."

"Yakoje?"

"Hayahami, baba."

Filipo akaitikia kwa kichwa. Akafunga kifungo chake cha juu.

Dalali, bwana mmoja anaitwa Gasto, mwenye kipaza sauti ambacho hakukihitaji, alimaliza makabati na vyerehani, akafika kwenye picha. Bei ilianza chini. Mwenye baa akataja yake, mwalimu mstaafu akaongeza, Filipo akaongeza. Upande wa mlango alikuwepo kijana mgeni kutoka Dar es Salaam, Deo, ananunua kwa niaba ya tajiri mmoja anayekusanya picha, simu sikioni muda wote. Naye akaongeza. Walipokaribia mwisho wa mbuzi wawili na akiba ya Witness, Filipo akainua fimbo.

"Dalali, naomba niseme."

"Sema, mzee."

Akasema. Hakupamba. Alisema yeye ndiye aliyeichapa, akasema Shani alivuliwa miwani na hapakuwa na macho ya kumwekea, akasema yale ni ya marehemu mke wake, Cecilia, ambaye hana picha nyingine juu ya nchi. Akasema Shani mwenyewe alilijua hilo, na alisema ameazima. "Sasa mwenye nayo ameshakufa na aliyeazima ameshakufa. Mimi naomba nirudishiwe."

Mwenye baa akavua kofia. Mwalimu mstaafu akasema yeye amejitoa. Ingekuwa Kinyangiri, hapo shughuli ilikuwa imekwisha, watu wangeanza kuimba. Lakini Deo alikuwa ameinyoosha simu mbele ili tajiri wake asikie kila neno, na tajiri alikuwa amesikia. Picha ya nyota ni picha ya nyota, zipo nyingi. Picha ya nyota aliyewekewa macho ya mke wa fundi, ikasimuliwa na fundi kipofu kwa mdomo wake, hiyo ipo moja. Deo akataja bei. Ilikuwa mara sita ya ile ya Filipo.

Gasto dalali aliigonga kengele polepole, kama mtu anayetafuta sababu ya kuchelewa. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Filipo alikuwa bado anatabasamu. Alidhani ile bei ilitajwa na mtu anayemnunulia yeye. Witness ndiye aliyemwambia, na namna uso wa mzee ulivyozimika, Urmila aligeuka akatazama ukuta.

Deo hakuwa mtu mbaya, tuseme haki. Alikuja akamwamkia Filipo vizuri, akampa pole. Kisha akasema tajiri wake anaomba jambo moja: mzee aweke sahihi yake kwenye kitambaa, chini pembeni.

"Kuweka sahihi ni lazima mtoe kioo," alisema Filipo.

"Tutatoa, mzee."

"Basi nitaweka. Ila kabla ya kuweka, niacheni niyashike. Mara moja tu."

"Shika, mzee wangu, hata mara kumi."

Wakailaza picha mezani. Gasto akang'oa misumari midogo ya nyuma ya fremu, akaigeuza, akaingiza ncha ya kisu pembeni mwa kioo. Kilikuwa kigumu. Picha ilikuwa imekaa stoo miaka mingi chini ya bati, na jua la Singida mnalijua. Akabinya, kioo kikaachia kwa sauti ndogo, kama ukoko unaobanduka kwenye sufuria. Filipo aliisikia sauti ile. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuambiwa, lakini mkono wake ulikuwa umeshatangulia. Vidole vikashuka kwenye paji la uso, vikafika mahali pa nyusi, vikateleza. Akatafuta kushoto, akatafuta kulia. Kitambaa kilikuwa laini kama hakijawahi kuguswa na wino.

"Hayapo," alisema.

Uso wa Shani ulilala mezani na matundu mawili meupe.

"Wino mnene huhama," alisema tena, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mwanafunzi. "Kurji aliniambia. Nilikuwa najua."

"Baba," alisema Witness. "Yapo. Yamebaki kwenye kioo."

Alikuwa amekiinua kioo kwa mikono miwili. Rangi nyingine zote zilikuwa nyembamba, zilikaa kwenye kitambaa. Weusi ule wa mara saba peke yake ndio uliong'ang'ania, nyusi, kope na mboni, kila kitu mahali pake, hewani. Nyuma ya macho ya mama yake Witness alimwona baba yake, amesimama, mikono mbele, anasubiri.

Deo akapiga simu. Akaongea kando, akarudi. Tajiri anasema ataichukua vilevile, hata isiyo na macho, na kioo kifungwe kwenye gazeti kije pamoja nayo. Matajiri wana mambo yao.

Hapo Urmila akasema. Alikuwa hajasema neno tangu mnada uanze.

"Nilitangaza picha. Kioo sikutangaza. Hicho ni kioo cha kabati langu, marehemu alikikata mwenyewe, na makabati nimeshauza bila hicho. Kama hutaki, pesa yako hii hapa."

Deo alimtazama, akamtazama mzee, akafunga kitambaa chake akaenda zake. Sahihi hakuikumbuka tena, au alijifanya hakuikumbuka.

"Chukua, fundi," alisema Urmila. "Kiliazimwa."

Witness akakishika kioo sawasawa mbele ya baba yake, upande wenye wino ukimwelekea. Filipo akajifuta vidole kwenye shati kwanza. Akaweka kimoja, kwa wepesi wake wote, kwenye pembe ya jicho. Lilikuwa limesimama kama alivyoliacha, akaisikia kope ya kwanza, akaisikia ya pili. Ya tatu ikamfuata. Ilibanduka ikabaki kwenye ncha ya kidole chake, kavu, nyepesi kuliko ganda la mtama.

Akaurudisha mkono nyuma, haraka, kama aliyegusa jiko.

"Nimeharibu?"

"Kope moja tu, baba."

"Mengine?"

"Yapo yote."

"Usinipe tena," alisema. "Hata nikiomba. Nikiomba ninyime."

Na Witness, aliyekuwa amejizuia tangu asubuhi, akalia pale uani mbele ya watu, kioo mikononi, na hakuweza kujifuta. Baba yake alilia pia. Aliyataka macho yale miaka yote, yamekuja mpaka ncha ya kidole, na kuyashika ndiko kuyamaliza. Akachagua. Mwenye kuyaona ni mtoto, basi na yawe ya mtoto.

Njiani kurudi Ikungi kioo kilikaa mapajani mwa Witness ndani ya kanga mbili. Filipo alikaa kando yake, kidole kimoja, chenye ile kope, amekinyoosha mbali na vingine, mpaka basi liliporuka tuta na alipokigusa hakukuwa na kitu.

Witness alikitundika kioo dirishani, sebuleni, kuelekea kiti cha baba yake. Jioni bado anamsomea habari, nani amefariki, alizeti imefika bei gani. Akimaliza, mzee huuliza swali lake moja.

"Yanatazama wapi?"

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini Witness huinuka kila siku akaenda kutazama upya, hajibu kwa mazoea.

"Yanakutazama wewe, baba."

Ndiyo maana siku hizi, kabla hajakaa kwenye kiti kile, Filipo huenda kunawa uso, na hufunga vifungo vya shati lake mpaka cha juu.